Mto Mara Hautunzwi kwa Sherehe



Mwezi Machi mwaka 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi. Watu wa vijiji vilivyo karibu na daraja la Kirumi, mkoani Mara, walikwenda mtoni na ndoo zao kama walivyozoea, wakakuta maji meusi yenye harufu mbaya na samaki wamekufa wakielea juu. Mto ule ni kisima chao, ni josho la mifugo yao, na ni shamba la wavuvi wao. Wakatahadharishwa wasiyatumie maji wala wasile samaki. Hawakuambiwa wanywe nini.

Serikali iliunda kamati ya wataalamu, na baada ya siku chache kamati ikaleta jibu: kilichoharibu maji ni kinyesi na mkojo wa mifugo inayolishwa katika ardhioevu ya mto, pamoja na mimea iliyooza. Wengi waliokuwa wakiushuku mgodi wa dhahabu walilipokea jibu hilo kwa kicheko na wengine kwa hasira. Walisema, na bado wanasema: ng'ombe wamekuwapo mtoni tangu enzi za babu zetu, mbona maji hayakuwa meusi?

Sisi hatutaki kujiunga na waliocheka. Jibu lile halikuwa upuuzi. Katika mto huu huu, upande wa Kenya, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walionyesha kwamba samadi ya viboko zaidi ya elfu nne hujikusanya katika madimbwi wakati wa kiangazi, na mvua inapokuja ghafula huisukuma chini kwa pamoja, ikaimaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji na kuwaua samaki. Kama samadi ya viboko yaweza kuua samaki, samadi ya ng'ombe nayo yaweza. Lakini kinachowezekana hakijawa kilichothibitika. Ili mtu aamini kwamba ni samadi na si sumu, yampasa aonyeshwe vipimo vya maji vya mwezi uliopita, vya mwaka uliopita na vya miaka kumi iliyopita, vilivyochukuliwa Kenya na Tanzania kwa njia moja na kuwekwa mahali ambapo kila mtu aweza kuvisoma. Daftari la namna hiyo mwananchi wa Kirumi hajawahi kuonyeshwa. Aliletewa hukumu bila kuletewa ushahidi, kisha akashangawa kwa kutoamini.

Hapo ndipo lilipo shauri letu la juma hili. Twasema kwamba ushirikiano wa nchi zetu katika kulitunza bonde la Mto Mara, kwa sehemu kubwa, umekuwa ushirikiano wa hema, fulana na hotuba. Twasema pia kwamba hali hiyo haitokani na ukosefu wa elimu wala wa sheria. Inatokana na uamuzi wa wakubwa wa pande zote mbili kutofungwa na jambo lolote.

Tuuangalie mto wenyewe kwanza. Mara huanzia katika kinamasi cha Enapuiyapui, kwenye milima ya Mau nchini Kenya. Vijito viwili, Nyangores na Amala, hushuka kutoka msituni, hupita katika mashamba ya chai, mahindi na viazi ya Bomet na Narok, kisha huungana kuwa Mara. Mto hukatiza mbuga ya Maasai Mara, ambako Talek huingia, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, hugeukia magharibi, hutanda katika ardhioevu kubwa ya mafunjo na matete, na mwisho hujimwaga katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Safari yote ni kilomita zipatazo 395. Karibu theluthi mbili ya bonde iko Kenya na theluthi moja Tanzania. Nyumbu zaidi ya milioni moja hutegemea maji yake katika miezi ya kiangazi, na binadamu zaidi ya milioni moja huyategemea miezi yote kumi na miwili. Wale wa kwanza wana filamu na majarida yanayowasemea duniani kote. Wale wa pili hukumbukwa zaidi maji yanapokuwa meusi.

Sasa tazameni jinsi mto huu mmoja unavyotawaliwa. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa hifadhi usiopungua meta 6 wala kuzidi meta 30. Mto ni ule ule, udongo ni ule ule, na mvua inayoosha mbolea na viuatilifu ni ile ile. Lakini mkulima wa juu aruhusiwa kulima karibu na maji mahali ambapo mkulima wa chini angeshtakiwa. Na kwa kuwa meta 60 za Tanzania nazo hupuuzwa mchana kweupe, sheria kali na sheria legevu huishia katika tope lile lile. Je, kuna aliyewahi kuwaketisha wabunge wa Nairobi na wa Dodoma meza moja ili walinganishe namba hizi mbili? Kama yupo, matunda ya kikao chake hatujayaona ukingoni.

Tupande hadi Mau. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa katika hifadhi hekta zipatazo 61,000 za msitu huo. Kikosi kazi kilichotoa taarifa yake mwaka 2009 kilikuta kwamba katika muda wa takriban miaka ishirini karibu robo ya msitu ilikuwa imepotea, yaani zaidi ya hekta 100,000. Na katika orodha ya waliogawiwa ardhi yalikuwamo majina ya wakubwa. Ulipofika wakati wa kurekebisha, waliotolewa kwa nguvu mbele ya kamera walikuwa zaidi watu maskini wenye magunia na watoto mgongoni. Waogiek, ambao waliishi ndani ya msitu ule kabla ya serikali yoyote kuuchora kwenye ramani, walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha, wakashinda mwaka 2017, na wakatolewa hukumu ya fidia mwaka 2022. Hata hivyo mwezi Novemba mwaka 2023 nyumba zao zilibomolewa tena. Serikali inayomfukuza mlinzi na kumstahi mharibifu haiwezi kusema kwamba inalinda msitu.

Matokeo yake huteremka na maji. Kati ya mwaka 1973 na mwaka 2000 eneo la kilimo katika bonde hili liliongezeka zaidi ya maradufu, na msitu na nyasi vikapungua. Ardhi iliyovuliwa nguo haishiki mvua. Mafuriko huwahi kufika na kupanda juu zaidi; kiangazi kikija, mto hubaki uti wa mgongo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 2024 Talek ulivunja kingo zake na kuzigharikisha kambi za watalii katika Maasai Mara, hata watu wakaokolewa kwa helikopta. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa kupita kiasi, hilo twalikubali. Lakini mvua kubwa inapolikuta bonde lenye miti huwa na hasira nyingine na inapolikuta bonde lililonyolewa huwa na hasira nyingine.

Msomaji wa Tanzania asishangilie. Nyani haoni kundule, na sisi wa upande wa chini tuna mengi ya kuona. Ng'ombe waliotajwa na kamati ya mwaka 2022 si wa Kenya. Ni wetu. Tunawapeleka katika matete kwa sababu malisho ya nchi kavu yamekwisha, na wakati mwingine kwa sababu mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye sauti kijijini. Katika Nyamongo, wilayani Tarime, mwaka 2009 watu wa kando ya Mto Tigithe, unaotiririka kuelekea Mara, walilalamikia maji yaliyovuja kutoka mgodini. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi wa hapo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la tope sumu. Miaka kumi imo kati ya kilio na faini hiyo. Na tusisahau wachimbaji wadogo, wa Tarime na wa Transmara vilevile, wanaokamata dhahabu kwa zebaki mikononi, na zebaki ikishaingia mtoni haiulizi iko nchi gani. Jirani wa juu akituuliza tumefanya nini, tutajibu kwamba tulimsubiri yeye aanze?

Yako pia mabwawa. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa na mipango ya kujenga mabwawa kwenye Amala na Nyangores, na hata ya kuyachepusha maji ya Amala yaende Ewaso Ng'iro Kusini kwa ajili ya umeme. Tanzania nayo ina mpango wake wa bwawa la Borenga. Hatusemi kwamba bwawa ni dhambi. Mama anayetembea nusu siku kutafuta maji ana haki ya bwawa kuliko nyumbu. Lakini mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakiuchunguza mto huu walionya kwamba kuchepusha maji ya juu, kukikutana na ukame mkali, kwaweza kuua sehemu kubwa ya nyumbu wa Serengeti kwa kiu, na kwamba kundi likishuka sana laweza kuchukua miaka mingi kurudi au lisirudi kabisa. Onyo kama hilo halipasi kujadiliwa na nchi moja peke yake, kila moja ikiwa na mhandisi wake na ramani inayoishia mpakani kana kwamba mto nao huishia hapo.

Mtatuuliza: je, hakuna makubaliano? Yapo, tena mengi. Tarehe 29 Novemba 2003 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi mjini Arusha Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria. Humo imeandikwa kwamba maji yatumiwe kwa usawa, kwamba nchi inayopanga mradi iwajulishe wenzake mapema, na kwamba anayechafua ndiye alipe. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ikaundwa, yenye makao yake Kisumu. Mwaka 2012 mawaziri waliamua kwamba tarehe 15 Septemba ya kila mwaka iwe Siku ya Mara, isherehekewe kwa zamu Kenya na Tanzania. Mwaka 2015 nchi hizi mbili zikatia sahihi hati ya makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maji ya bonde hili. Karatasi si haba.

Lakini hati ya makubaliano ni nini? Ni ahadi ya waungwana. Haina askari, haina faini, haina mahakama iliyotajwa ndani yake, na akiivunja mmoja mwenzake hubaki kunung'unika. Siku ya Mara nayo ni nini? Huwa na maandamano, miche hupandwa, viongozi hupigwa picha na koleo mkononi, kwaya huimba, pilau huliwa. Hatuchukii kwaya wala pilau, na wanafunzi wanaopanda miche hufanya jambo jema. Tunachouliza ni nani hurudi mwezi wa Januari kuhesabu miche iliyo hai. Tunauliza ni mwaka gani, katika sherehe hizo zote, waziri mmoja alisimama akasoma mbele ya umati: maji yaliyopita mpakani mwaka huu ni kiasi hiki, tope lilikuwa kiasi hiki, vibali vya kuchota maji tulivyovitoa ni hivi, na tuliowashtaki ni hawa. Sherehe isiyo na hesabu ni debe tupu, nalo haliachi kuvuma.

Na fedha je? Sehemu kubwa ya kazi ya maana iliyofanyika katika bonde hili, kupima kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni, kuunda jumuiya za watumia maji, hata kuandaa vikao vyenyewe, ilibebwa na wafadhili wa nje, na hasa Marekani kupitia shirika lake la USAID. Mwaka 2025 shirika hilo lilivunjwa na watu walioko mbali sana na Bomet na Butiama, ambao yamkini hawajapata kulisikia jina la mto huu. Tusiwalaumu wao. Fedha zilikuwa zao. Tujilaumu sisi, tuliokubali kwamba kuyalinda maji yetu ya kunywa ni kazi ya mgeni, na kwamba akiondoka mgeni, taa izimwe.

Sasa tusikilize wanaotupinga, maana hoja isiyopingwa haijapimwa.

Wa kwanza husema: kila nchi ina mamlaka juu ya maji yaliyomo ndani ya mipaka yake, na kufungwa na jirani ni kujidhalilisha. Hoja hii ni ngeni vinywani mwetu sisi Waafrika Mashariki. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa Nile wa mwaka 1929, uliowapa Wamisri sauti juu ya maji yote. Hakusema kwamba maji ni ya aliye juu. Alikataa mkataba uliofungwa na mkoloni na akataka mashauriano mapya kati ya nchi huru. Tangu hapo tumeiambia Cairo kwa miaka zaidi ya sitini kwamba maji ya pamoja hugawanywa kwa haki na kwa kushauriana. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, umejengwa juu ya hoja hiyo hiyo. Tanzania ilikuwa imeuridhia. Kenya ilikuwa imeutia sahihi mwaka 2010, lakini hadi siku ile ulipoanza kutumika ilikuwa haijauridhia. Nasi twakumbusha kwamba Mara ni mmoja wa watoto wa Nile. Tunachokidai Misri kwa sauti kubwa, tutakitendaje wenyewe kwa wenyewe kwa sauti ndogo?

Wa pili husema: vyombo vya pamoja huzaliwa kwa shangwe na kufa kwa njaa. Hapa twakiri kwamba historia imo upande wao. Shirika la Bonde la Mto Kagera liliundwa mwaka 1977 likiwa na ndoto za reli, umeme na mashamba, na halikudumu. Lakini hadithi ya Kagera haikuishia hapo. Katika maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, limejengwa bwawa la umeme la megawati 80 linalomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, na umeme wake hugawanywa sawa kwa sawa. Huko Afrika Magharibi, Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la Mto Senegal mwaka 1972, na bwawa la Manantali, ingawa limo ndani ya ardhi ya Mali, ni mali yao kwa pamoja. Tofauti iko wapi? Chombo kilichopewa mali, hisa na deni la pamoja huishi, kwa kuwa kila nchi ina kitu cha kupoteza. Chombo kilichopewa bendera na ofisi hufa.

Wa tatu, ambaye sisi twamheshimu kuliko wenzake, ni mkulima mdogo wa Bomet. Yeye husema: mimi nina ekari moja na watoto sita, mwaniambia nisilime ukingoni ili nyumbu wapate maji na mtalii apige picha, faida yangu ni ipi? Kwa mtu huyu semina si jibu. Jibu ni haki. Maasai Mara, tangu Julai mwaka 2024, humtoza mgeni kutoka ng'ambo dola 200 kwa siku katika miezi ya msimu wa nyumbu. Serengeti nayo ina viingilio vyake. Fedha hizo zote zinategemea maji yatokayo kwenye shamba la mkulima yule na msitu ulio nyuma yake. Je, ni senti ngapi hupanda mlima kurudi kwake? Na jambo hili si ndoto. Katika bonde la Naivasha, huko huko Kenya, watumiaji wa maji wa chini, wakiwamo wakulima wa maua, walianza mwaka 2010 kuwapa wakulima wadogo wa mlimani vocha za pembejeo kwa kupanda nyasi, kuacha ukingo na kuzuia mmomonyoko. Kama waridi liliweza kumlipa mkulima wa mlimani, nyumbu hawezi?

Msomaji wa ukurasa huu ataulizia Kanisa linasema nini. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu, na akaeleza kwamba dunia inahitaji makubaliano ya kimataifa yanayoweza kutekelezwa kwa nguvu ya sheria, kwa sababu mamlaka za mahali peke yake hazitoshi. Neno hilo la kutekelezwa tulishike. Na tukumbuke habari za Isaka katika kitabu cha Mwanzo: watumishi wake walichimba kisima wachungaji wa Gerari wakakigombania, wakachimba cha pili nacho kikagombaniwa, hata walipochimba cha tatu ndipo wakapata nafasi. Lakini habari haikwishia kwenye nafasi. Baadaye mfalme wa nchi ile alimjia Isaka, wakala pamoja, wakaapiana kiapo. Amani ya visima ilihitaji kiapo, yaani neno linalomfunga aliyelisema. Karamu peke yake haikutosha.

Basi tunadai mambo matano, nayo si mageni.

La kwanza, hati ya mwaka 2015 igeuzwe kuwa mkataba kamili kati ya Kenya na Tanzania, uridhiwe na mabunge yote mawili, na utaje mahakama ya kuamua migogoro. Tusidhani kwamba mahakama haina nguvu katika mambo haya. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua, kwa shauri lililofunguliwa na chama cha kutetea wanyama cha Kenya, kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti kungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Wananchi walitumia sheria, na serikali ikasikiliza.

La pili, vituo vya kupimia maji viwekwe na kuendeshwa kwa pamoja, kuanzia Nyangores na Amala hadi mpakani na hadi Kirumi, na vipimo vyake vitangazwe kila mwezi kwa Kiswahili, katika mbao za matangazo za vijiji na katika redio.

La tatu, bwawa lolote, mfereji wowote au mgodi wowote mkubwa ndani ya bonde ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wataalamu wa nchi zote mbili kabla ya jiwe la msingi, na ukingo wa mto uwe na kipimo kimoja juu na chini.

La nne, sehemu maalumu ya viingilio vya mbuga, kwa asilimia itakayoandikwa katika mkataba, iende kwa wakulima wa vyanzo, kwa Waogiek wanaolinda msitu, na kwa wafugaji wa chini ili wapate malambo na malisho nje ya ardhioevu. Fedha hizo zikiwapo, Kamisheni ya Kisumu haitakuwa tena mwombaji mlangoni pa mfadhili.

La tano, jumuiya za watumia maji za pande zote mbili zipewe viti, si vya kuketi hemani tarehe 15 Septemba, bali vya kupigia kura katika kikao kinachogawa maji. Mvuvi wa Kirumi na mkulima wa Bomet wakae meza moja. Watagombana siku ya kwanza. Siku ya pili watagundua kwamba wananunua unga kwa bei ile ile.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa wa Mara tumeuona mwaka 2009 katika Tigithe, tumeuona katika Mau, tumeuona mwaka 2022 katika maji meusi na mwaka 2024 katika gharika ya Talek. Kila mara tumeunda kamati, na kila mara kamati imekwenda nyumbani. Mwaka huu tena tarehe 15 Septemba itafika. Ninyi mtakaoalikwa, nendeni. Pandeni miche, imbeni na kwaya. Lakini kipaza sauti kitakapotolewa kwa maswali, simameni mkaulize kwa adabu: Mheshimiwa, vipimo vya maji viko wapi, na mkataba utaridhiwa lini? Mkiuliza mmoja mtaonekana wakorofi. Mkiuliza mia mbili, mtajibiwa.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.